Kilo 57 kwenye mizani ya magunia

Mizani tuliiazima kwa mwenye duka la nafaka wa Barabara ya 8, ile ya chuma ya kupimia magunia, na vijana wawili wakaibeba hadi karakanani baada ya isha. Nilipanda nikiwa na ushungi, suruali ya jasho na fulana ya mikono mirefu. Mwalimu akasogeza jiwe la mizani taratibu mpaka mkono wake ukalala sawa, akachomoa penseli ya useremala sikioni, akaandika kwenye kipande cha ubao: 57. Akapanda kijana niliyepangiwa. 58. Waliokuwa wameegemea mbao wakanyamaza. Walikuja kuona mwanamke akishikana mieleka na mwanaume, na mizani ilikuwa imewaambia kwamba mwanaume huyo amenizidi kilo moja tu.

Ilikuwa 2019, Ngamiani, hapa hapa Tanga. Nimekaa na habari hii muda mrefu bila kuiandika, kwa kuwa mengi yaliyofanyika pale yalifanyika geti la mabati likiwa limefungwa, na wengine waliokuwamo bado hawataki mama zao wajue. Kwa hiyo majina sitayataja.

Karakana yenyewe mie niliijua kwa ajili ya maranda. Mama yangu hupikia vitumbua jiko la maranda, na tangu nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kwenda kwa maseremala na gunia, kusukuma na kushindilia mpaka lijae, na kulibeba kichwani hadi nyumbani. Jioni moja nikafika nikaambiwa maranda hayauzwi tena, yana kazi. Nikachungulia. Yalikuwa yametandazwa uani, unene wa kufika katikati ya muundi, juu yake turubai la lori limevutwa na kupigiliwa misumari kwenye mbao za pembeni. Nguzo nne zilivikwa magunia ya mkonge yaliyojazwa usumba ili mtu asijigonge. Katikati, wanaume wawili vifua wazi wamekumbatiana, kila mmoja anatafuta kiuno cha mwenzake.

Tanga ina damu ya ngumi, hilo kila mtu analijua. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, mtoto wa hapa, alikwenda Birmingham akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, na baada ya hapo kila mwembe wa mtaani kwetu ulining'inizwa gunia la mchanga. Lakini seremala wetu, ambaye ndiye tuliyemwita Mwalimu, ngumi hazipendi. Alijifunza mieleka ujanani, na alikuwa akisema kichwa cha mtu si ngoma. Kwake ilikuwa mieleka mitupu: hakuna kupiga, hakuna kuuma, hakuna kidole machoni. Aliyelazwa mabega yote mawili chini kashindwa. Aliyetolewa nje ya turubai anarudishwa katikati. Nilipoanza kuja mimi akaongeza sharti moja, kwamba atakayevuta ushungi wa mtu makusudi kapoteza pambano.

Nilikuwa na miaka 22. Nilimwambia, "Shikamoo Mwalimu, nami nataka." Akaitikia marahaba, akaniangalia mikono. Mikono ya mtu aliyekulia kutanda uduvi ufukweni na kubeba magunia haifichiki. Akaniambia, "Vua viatu."

Tulikuwa wanawake watatu kati ya wanaume kumi na tano hivi, na siku nyingine ishirini. Mmoja alikuwa mama lishe, mzito, kilo 80 na kitu. Mwingine msichana wa Mikanjuni, mwembamba kama mie lakini mrefu, kilo 54. Hesabu yenyewe inaonyesha shida iliyokuwapo. Mama lishe alinizidi zaidi ya kilo 20. Tukishikana ilikuwa kama kushikana na mlango. Na msichana wa Mikanjuni tulishikana mara nyingi mno, nikajua hata anavyovuta pumzi kabla ya kuingia mguu. Watu hutuuliza kwa nini tulishindana na wanaume, wakidhani tulikuwa na jambo la kuthibitisha. Wanawake wa kushikana nao hawakuwapo, basi.

Pambano lile la kwanza, la 57 na 58, nilishinda. Na nililia usiku kucha.

Alinipa. Nilimwingia mguu wa kulia vibaya kabisa, kichwa kikiwa nje na mgongo umejikunja, kosa ambalo mtu yeyote angeniadhibu nalo. Yeye akaenda chini kama gunia lililokatwa kamba. Nikamlalia kifuani, na nikahisi viganja vyake vimefunguka, havijashika chochote. Watu wakashangilia. Mtu mmoja akanirushia noti ya elfu mbili. Nilisimama nikijua kwamba mbele ya watu wote hao nimechukuliwa kama mtoto anayeachiwa ashinde ili asilie.

Wiki iliyofuata Mwalimu alituketisha sote. Hakumkaripia yule kijana. Alimwuliza tu, "Ukimhurumia, yeye atajifunzia wapi?" Kisha akanigeukia: "Na wewe mwanangu, umepewa na ukapokea. Mguu ule ulikuwa haujashikwa." Tangu siku ile nilikuwa nikiwaambia kabla ya kuanza: nishike sawasawa. Wengine walielewa. Wengine walielewa kupita kiasi, wakanishika kwa hasira, kana kwamba kusimama kwangu mbele yao ni tusi, na wakaniangusha kwa nguvu ambazo wasingezitumia kwa mwanaume mwenzao. Waliobaki, labda watano kati ya wote, walishikana nami kama wanavyoshikana na mtu yeyote. Hao watano ndio walionifundisha mieleka, na naandika haya kwa heshima yao.

Walinifundisha kwamba mguu haushikwi kwa mikono, unashikwa kwa kifua. Mikono inafunga tu. Kwamba ngwala nzuri haipigwi mguuni, inaanza mabegani, unamvuta mtu mpaka uzito wake wote uangukie mguu mmoja, halafu mguu huo ndio unaufagia. Kwamba mwanamke kwa kawaida uzito wake umekaa chini zaidi, kiunoni na mapajani, na hilo ni akiba kubwa: anayejua kukaa chini hang'oki upesi. Mie nilishindwa mara nyingi kwa mikono. Kwa miguu nilishindwa mara chache.

Tofauti ya nguvu ipo, sitamdanganya mtu. Wanaopima mambo haya hukadiria nguvu za juu za mwanamke, mabega na mikono, kuwa nusu hivi au zaidi kidogo ya za mwanaume. Za miguu pengo ni dogo zaidi. Hata kilo zikilingana, katika kilo hizo mwanaume ana misuli zaidi. Ndiyo maana katika Olimpiki wanawake hushindana na wanawake, tangu mieleka yao ilipoingizwa Athens mwaka 2004, na Mjapani Kaori Icho akashinda dhahabu pale, akarudia 2008, 2012 na 2016. Na ukitazama wasichana waliowahi kuwashinda wavulana katika mashindano ya kweli, utaona wengi ni wa uzito mdogo. Mwaka 2006 Michaela Hutchison wa Alaska alikuwa msichana wa kwanza Marekani kutwaa ubingwa wa jimbo wa shule za sekondari dhidi ya wavulana. Uzito wake ulikuwa ratili 103, yaani kilo 47 hivi. Katika kilo 47 utakutana na wavulana wenye miili bado ya kitoto. Katika kilo 80 utakutana na wanaume waliokamilika. Mama lishe wetu, aliyekuwa na nguvu kuliko sote, ndiye aliyeshindwa kila mara, na sikuwahi kuona haki katika hilo.

Kuna jambo ambalo wanawake huniuliza kwa sauti ya chini, nami nitalijibu hapa. Ndiyo, mikono inafika kila mahali. Kifua kinabanwa, paja linashikwa, na siku zako za mwezi ukiamua kuja utakuja nazo. Lakini mkono unaoshika na mkono unaopapasa ni vitu viwili, na mwili unavitambua kabla ya akili. Mkono unaoshika umekaza, una haraka, una mahali unapokwenda. Unaopapasa hulegea. Alikuwapo mmoja wa namna hiyo. Nilimwambia Mwalimu, na Mwalimu hakuniuliza ushahidi. Alimfungulia geti usiku ule ule na hatukumwona tena. Laiti kila sehemu ya kazi ingekuwa na mtu wa namna ile.

Mengine ya mwili ni ya kawaida kwa mchezo huu. Tuliambukizana choa, karibu uwanja mzima, mpaka tukaanza kuliosha turubai kwa dawa ya klorini kila Jumapili. Katika mashindano rasmi mwanamieleka hukaguliwa ngozi na kucha kabla ya kupimwa uzito, na baada ya choa ile nilijua kwa nini. Sikio langu la kushoto lilivimba likabaki hivyo: damu hukusanyika kati ya ngozi na gegedu, isipotolewa mapema gegedu hujikunja moja kwa moja. Ushungi unalificha. Bibi yangu aliligundua siku ananisuka. Alilishika kwa vidole viwili, akanyamaza kidogo. Bibi alifanya kazi ya kuanika singa za mkonge kwenye shamba la mzungu kabla ya uhuru, viganja vyake hadi leo vina makovu. Akasema, "Alokufanya hivi umemlipa?" Nikasema nimemlipa. Akaendelea kusuka.

Mama hakuwa hivyo. Mama alisema, "Wale si maharimu wako. Utajibu nini?" Sikuwa na jibu siku ile, na sitajifanya nimelipata. Nilichomjibu ni kwamba siendi kwa ajili ya kushikwa, naenda kwa ajili ya kushika. Akasema hiyo si tofauti mbele ya Mungu. Tukaacha hapo. Bado tunakula sahani moja, na bado hatujakubaliana.

Kwa sababu ya mama, nilimwelewa kijana mmoja aliyekataa kushikana nami. Kilo zetu zililingana, zamu yake ilikuwa imefika, akasimama pembeni ya turubai akasema, "Dada, nisamehe, dini yangu hainiruhusu." Wenzake wakamzomea kuwa anaogopa. Sikuona woga. Jambo kama hilo lilitokea Marekani, jimbo la Iowa, Februari 2011: kijana Joel Northrup alikataa kushikana na msichana Cassy Herkelman kwenye mashindano ya ubingwa wa jimbo, akasema imani yake haimruhusu, akakubali kuhesabiwa kashindwa. Msichana naye alipata ushindi ambao hakuupigania. Nilimfikiria sana yule msichana. Alikuwa amefika pale kwa jasho lake, na mkono wake ukainuliwa bila kushika kitu. Mie nilimpa yule kijana wetu mkono, akautazama, akaweka wake kifuani badala yake. Ilinitosha.

Aliyenivunja moyo ni mwingine. Nilimlaza mabega chini kwa haki kabisa, dakika ya pili, kwa kumbana kichwa na mkono baada ya yeye kuninyanyua vibaya. Alikuwa miongoni mwa wale watano. Tulipeana mikono, tukacheka. Lakini maneno yalitoka nje ya geti. Kijiweni wakambandika jina ambalo sitaliandika; akipita na baiskeli wanamwimbia; mpaka kwenye daladala. Baada ya wiki tatu alikuja nyumbani, akaamkia wazee vizuri, akaniomba tutoke barazani. Aliniomba niwaambie watu kwamba aliteleza.

Nilimtazama. Mtu mzima, fundi wa baiskeli, mwenye mikono iliyonifundisha kufunga, anaomba neno moja kutoka kwangu ili aweze kupita mtaani kwake. Nilimwambia siwezi kusema aliteleza. Nitasema tulishikana sawasawa na kwamba mara nne kabla ya hapo yeye ndiye aliyenilaza, jambo ambalo ni kweli. Akasema, "Hilo halitasaidia." Hakurudi karakanani. Mpaka leo tukikutana tunasalimiana, na bado naona kama kuna kitu nilimnyang'anya bila kukusudia. Waliomnyang'anya ni wale wa kijiweni, najua. Moyo haufuati hesabu hiyo.

Agosti 2021, wakati wa Olimpiki ya Tokyo, tulikusanyika juu ya simu moja yenye kioo kilichopasuka kumtazama Blessing Oborududu wa Nigeria katika fainali ya kilo 68. Alishindwa na Mmarekani Tamyra Mensah-Stock, akachukua fedha, medali ya kwanza ya mieleka ya Olimpiki kwa nchi yake. Mwanamke mweusi, Mwafrika, kwenye turubai la kweli, na mbele yake mwanamke mwenzake wa uzito ule ule. Msichana wa Mikanjuni alinishika bega akasema, "Ona, wana wa kushikana nao."

Baadaye nilisoma kuhusu Casamance, kusini mwa Senegal, ambako kwa Wadiola wasichana hushikana mieleka wao kwa wao mbele ya kijiji kizima kwenye sherehe, na ndiko alikotoka Isabelle Sambou, aliyefika nafasi ya 5 London mwaka 2012. Huko msichana haazimi wanaume wa kushikana nao. Kinyume chake ni Hamida Banu wa India, miaka ya 1940 na 1950, aliyewapa changamoto wanaume hadharani kwamba atakayemshinda atamwoa. Mwaka 1954 alimshinda Baba Pahalwan kwa dakika 1 na sekunde 34. Habari yake husimuliwa kama kioja. Mie nikiisoma naona upweke: mwanamke mwenye kipaji kile ambaye, ili apate mtu wa kushikana naye na umati wa kumtazama, ilibidi ajiweke yeye mwenyewe kuwa zawadi.

Kuwekwa zawadi. Hapo ndipo sisi tulipoharibikiwa.

Alikuja mtu mwenye fedha. Alitutazama Alhamisi mbili, akasema ana kiwanja cha baa nje ya mji, njia ya Muheza, na atafanya pambano sikukuu, kiingilio elfu tatu. Mwalimu alikataa. Mtu yule akatufuata sisi pembeni, mmoja mmoja. Elfu hamsini kwa pambano. Mie nilisita. Msichana wa Mikanjuni alikuwa na mdogo wake anayedaiwa ada, akakubali. Bango likabandikwa: JIKE DUME DHIDI YA BAUNSA. Nilikwenda kumbebea maji na taulo, na hilo nitalibeba pia, kwa sababu nilipofika na kuona hakuna mizani nilijua, na sikusema kitu.

Hakuna mizani, hakuna turubai, hakuna maranda. Zulia jekundu juu ya saruji. Baunsa alikuwa si chini ya kilo 85. Si mtu mbaya, naamini hata sasa. Hakuwa mwanamieleka, alikuwa mtu mkubwa aliyeambiwa awafurahishe watu. Mwenzangu alimwingia mguu vizuri sana, vile tulivyofundishwa, kifua kwanza. Yeye hakujua afanye nini na mtu aliyeko mguuni, akamkumbatia kiuno, akamnyanyua mpaka juu ya bega, akamwachia. Nilisikia mlio. Mtulinga ulikuwa umekatika. Watu walishangilia kwa muda mrefu, walidhani ni sehemu ya mchezo, na mpiga muziki hakupunguza sauti. Mwandaaji alimlipa elfu ishirini na tano. Alisema pambano halikufika raundi ya pili.

Mwalimu alipopata habari hakutugombeza. Aling'oa misumari ya turubai siku ya pili yake, akayakusanya maranda kwenye magunia, akayauza. Mama yangu alinunua mawili.

Mtu akiniuliza leo kama mwanamke ashikane na mwanaume, namwuliza kwanza: mbele ya nani, na mizani iko wapi? Mazoezini, kilo zikilingana na macho yakiwa ya watu wanaojua wanachokiona, ndiyo, na nitawatetea wote wawili. Bila wanaume wale watano nisingejua lolote. Kwenye zulia jekundu la kiingilio elfu tatu, hapana, hata kwa milioni.

Sasa tunafanya mchana. Mwenyekiti wa mtaa anatujua, wazazi wanatujua, tuna eneo la shule Jumamosi asubuhi na turubai letu wenyewe. Mtulinga wa mwenzangu uliunga vibaya kidogo, una nundu unayoiona akivaa dera. Yeye ndiye anayeshika penseli. Tulianza na wasichana wanne, na kwa mwaka mzima walishikana na wavulana wa uzito wao, kama sisi, kwa sababu ile ile ya kwetu. Mama hunipa vitumbua vya kuwapelekea. Hajawahi kuja kutazama.

Jumamosi iliyopita alikuja msichana mpya kutoka Sahare, mguu peku, ameletwa na bibi yake. Akapanda mizani, ile ile ya duka la nafaka. Mwenzangu akaandika 46. Akainua macho akaniangalia, kwa sababu kwenye ubao, mstari wa juu yake, kulikuwa na 46 nyingine, ya mtoto wa Makorora ambaye tangu aje hajawahi kushikana na msichana mwenzake hata mara moja. Tukawapima tena wote wawili, tusije tukawa tumekosea. Kisha wakaanza kufunga ushungi vizuri, mmoja akimsaidia mwenzake nyuma ya shingo.